Jina Alilolitaja Tamsin

Jumapili ya tatu ya matangazo ya ndoa yetu, kasisi alipouliza kama yupo mwenye kujua kizuizi, Bi Askew mkunga alisimama. Nilidhani amebanwa na mgongo. Mikono yake ndiyo iliyowapokea duniani nusu ya waliokuwamo kanisani, mimi nikiwamo, na Dorcas pia, aliyekaa ubavuni pangu na kofia yake mpya ya kitani.

"Kizuizi kipo," akasema. "Hawa ni ndugu. Baba yao mmoja."

Mtu wa nyuma akacheka, akidhani kikongwe kapotewa na akili. Kasisi hakucheka. Akamtaka aseme yote.

Akasema. Mama yangu, Tamsin Orrell, alikuwa mtumishi wa mkataba kwa Bwana Nathaniel Pell, baba yake Dorcas. Akapata mimba hana mume. Na kwetu mwanamke wa namna hiyo akishikwa na uchungu, mkunga humwuliza, "Mtoto wa nani?" Humwuliza pale uchungu unapofika kooni, kwa kuwa watu huamini kwamba aliye mlangoni pa kaburi hathubutu kusema uongo. Jibu lake huwa zito kuliko kiapo cha mbele ya hakimu. Mama alitaja jina, akanizaa, akafa. Jina alilolitaja ni Pell.

"Na miaka yote hii ulikuwa unatafuna nini mdomoni, Bi Askew?" Nilikuwa nimeshasimama.

"Hofu, mwanangu. Kibanda changu kilikuwa kwenye ardhi yake. Nikawaambia watu baba ni baharia asiyejulikana. Pell akakuchukua, nikaona mtoto anakula, nikanyamaza. Sasa Pell kafa."

"Na Jumapili ya kwanza? Na ya pili?"

"Miguu ilikataa kusimama."

"Ingekataa na leo."

"Keti, Lemuel," kasisi akasema. "Kama yupo mwanamke mwingine aliyekuwa chumbani siku ile, naye anasema vinginevyo, mlete. Bila hivyo sifungi ndoa hii."

Asishangae mtu kwamba hatukujua. Kwetu kando ya mto Patuxent, homa ya kiangazi huwavuna watu kabla wao hawajavuna tumbaku. Mume akifa leo, mjane huolewa kabla udongo wa kaburi haujashuka. Mke wa pili hulea watoto wa wa kwanza, naye akifa wa tatu huwalea wote, hata mezani wakakaa watoto wasio na tone moja la damu kati yao, wakigombea kijiko kimoja. Kwa Pell tulikuwa hivyo. Hakuna aliyeuliza huyu ni wa nani, mradi anapalilia.

Kati ya wanawake waliokuwa chumbani siku niliyozaliwa, mbali na Bi Askew, mmoja tu alikuwa hai: Keziah Rudd, aliyekuja na mama yangu katika meli moja, sasa mjane ng'ambo ya mto. Jumatatu nilivuka na Dorcas kwa mtumbwi. Tulipofika akakataa kushuka.

"Nenda wewe," akasema. "Likiwa baya, nisilisikie kwa mgeni. Nataka nilisikie kwako."

Bi Rudd alikuwa ghalani, akichambua majani ya tumbaku. Alinitazama kutoka kichwani hadi kwenye viatu.

"Wa Tamsin wewe. Hilo paji la ubishi silisahau. Umekuja kuomba tumbaku au habari?"

"Habari, Bi Rudd."

"Basi keti uchambue. Ghalani kwangu mikono hailali."

Nikakaa, nikachambua, nikamweleza. Hakusimamisha kazi hata kidogo.

"Askew amekwambia jinsi alivyouliza?"

"Amesema aliuliza, mama akajibu."

"Aliuliza." Akatema mate pembeni. "Alikaa kitini, kakunja mikono. Tamsin analia, wewe umekwama, yeye kakunja mikono. Jina kwanza, msaada baadaye, ndivyo wanavyofundishwa. Kuanzia asubuhi mpaka jua likapinda."

Jani lilichanika vidoleni mwangu. "Kwa hiyo alitaja jina lolote ili asaidiwe."

"Si lolote. Mimi ndiye niliyemnong'oneza. Nikamwambia, sema Pell. Mtoto wa baharia hupewa yeyote anayetafuta mgongo wa kubebesha mizigo. Mtoto wa Pell atakula mezani kwa Pell. Sasa, ulikula au hukula?"

"Nilikula."

"Basi nilisema vibaya?"

Nilitaka kumbusu yule mama. "Kwa hiyo Pell si baba yangu."

Hapo ndipo mikono yake iliposimama.

"Hilo sijalisema. Baharia alikuwako, kweli, mwenye nywele nyekundu, mcheshi. Pell naye alikuwako, na mlango wa watumishi aliuingia bila kuubisha. Mwezi ule ule. Nilimwuliza Tamsin kabla ya uchungu, tukiwa wawili tu. Akasema, 'Keziah, laiti ningejua.' Nawe umekuja huna nywele nyekundu wala pua ya Pell. Mama yako mtupu, kama uliyefanya kusudi."

Akavuta fungu jingine la majani.

"Nitaapa utakavyo, kijana. Nimezika waume, nimezika watoto. Mungu akinidai uongo mmoja tutaelewana. Ukitaka baharia peke yake, nitakuja Jumapili niseme baharia peke yake."

"Njoo Jumapili," nikasema.

Dorcas hakungoja niingie mtumbwini. "Amesemaje?"

"Baharia. Mama alitaja Pell ili nipate kula tu. Bi Rudd atakuja kuapa."

Alicheka huku machozi yanamtoka, akachota maji ya mto akajiosha uso. Tukapiga makasia. Katikati ya mto akasema, "Maskini mama yangu."

"Kwa nini?"

"Alidhani anajua baba yako ni nani, Lem. Hukuona alivyokuwa hakupi nyama ila baba akitazama? Siku aliyokufa, baba alimshika mkono, naye akauchomoa. Na baba akakaa na lawama hiyo mpaka kufa, kumbe hana kosa. Nitakwenda makaburini kwao. Kwa baba nitapiga magoti nimwombe radhi kwa niaba ya mama."

Mimi si mtu wa kuogopa uongo. Ule niliokwisha kusema ningeuzika chini ya kitanda chetu nikaulalia mpaka uzee. Lakini kumwona Dorcas amepiga magoti juu ya kaburi la mtu yule asiyebisha milango, akimwomba radhi, hilo sikuliweza. Mama yangu nani alimwomba radhi?

"Usiende," nikasema.

"Kwa nini nisiende?"

Nikamwambia yote, hata lile la laiti ningejua. Aliacha kupiga kasia. Mkondo ukaugeuza mtumbwi ukaanza kututeremsha.

"Kwa hiyo huenda," akasema.

"Huenda."

"Na huenda siyo."

"Huenda siyo. Hakuna duniani ajuaye, Dorcas. Sasa nani wa kutuhukumu? Bi Rudd yuko tayari. Neno lako tu."

Alinitazama usoni muda mrefu. Nilijua anatafuta nini, kwa maana nami nilikuwa nakitafuta usoni mwake: masikio, kidevu, kona za mdomo.

"Sasa nikuiteje?" akauliza.

Akashika kasia lake.

Jumapili Bi Rudd alikuja na shali yake nzuri. Dorcas alimlaki langoni pa kanisa, akamwambia neno sikioni, na mama yule akarudi alikotoka bila kuingia. Kasisi akafuta matangazo yetu. Tangu hapo watu wakaanza kuniita Pell, kwa upole, kama wanaonipa zawadi. Bi Askew alininyooshea mkono mlangoni. Niliupita.

Majira ya kuchipua, fundi mapipa mmoja wa upande wa juu wa mto alimposa Dorcas. Kwetu bibi arusi hukabidhiwa na baba yake, na kama baba hayupo, na kaka mkubwa. Kasisi akanijia shambani.

"Ni wewe tu uliyebaki," akasema. "Dorcas anasema usipoweza hatakulaumu."

Nilinyoa ndevu, nikapiga viatu rangi, nikamshika mkono kutoka mlangoni hadi mbele. Kasisi akauliza ni nani amtoaye mwanamke huyu.

"Mimi," nikasema, "kaka yake."