Mama Mkwe Alifika Gogo Likiwa Hewani

Jackline alikuwa ameshika kamba kwa mikono miwili, gogo la kilo themanini likining'inia juu ya paa la Mwalimu Onesphory, ndipo mama mkwe wake alipotokeza kwenye kona ya uzio na kikapu kichwani.

Leo hii? Bi Limi alitegemewa kesho, tena nyumbani, Jackline akiwa ameshavua suruali na mabuti na kujifunga khanga mbili. Huko Ruhembe, ambako ukoo wa mumewe, Peter, ulihamia na ng'ombe wao kutoka Shinyanga, mke wa mtoto hamsalimu mkwe wake kwa kusimama. Anapiga magoti yote mawili, anainamisha macho, anasubiri aitikiwe. Na kama hilo halitoshi, Peter alikuwa amemwambia mama yake kwamba mkewe yuko ofisini, anashughulika na mambo ya mazingira. Jackline alipomwuliza kwa nini anamdanganya mama wa watu, Peter alijibu kwamba miti nayo si ni mazingira?

Ukweli ni kwamba huu ulikuwa mwaka wa pili Jackline akiwa mtu wa chini wa fundi Hezekia, mkata miti aliyejulikana kuanzia Kilosa mjini hadi kwenye nyumba za wageni za Mikumi. Hezekia hupanda na mkanda wake kiunoni, hufunga tawi kwa kamba, hulikata kwa chenso. Kamba hiyo imepita kwenye puli huko juu, ikashuka, ikazungushwa mara tatu kwenye shina, na upande wake wa pili uko mikononi mwa mtu wa chini. Akilegeza, mzigo unashuka. Akiachia, mzigo unaanguka, na chini ya mzigo siku hiyo kulikuwa na bati jipya na simtanki ya lita elfu mbili.

"Kamba ikishika mzigo," Hezekia alikuwa akimwambia kila asubuhi kabla hawajagusa kitu, "huna simu, huna njaa, huna ndugu."

Ndugu sasa alikuwa anapita chini ya utepe mwekundu na mweupe uliozungushiwa eneo la kazi, akiuinua kwa kidole kama pazia la mlangoni kwake.

"Jirani yako ameniambia uko hapa Mabwerebwere," alisema Bi Limi. Aliteremsha kikapu, akakiweka chini, akasimama wima mikono imekunjwa kifuani. Akasubiri.

Jackline alihisi jasho likimtiririka ndani ya kofia ngumu. Aliinamisha macho. Hilo aliliweza. "Mwangaluka, mayu," alisema, kwa Kisukuma alichofundishwa na Peter.

Bi Limi hakuitikia. Alitazama magoti ya suruali ile, akarudisha macho usoni kwa Jackline, akatazama tena magoti.

Mtu mwingine pengine angeeleza. Jackline alikuwa na aibu tu, na aibu ilimshika shingoni ikamsukuma chini. Akakunja goti la kulia, kisha la kushoto. Ili kupiga magoti ilimbidi aegemee mbele, na alipoegemea mbele kamba ilipata upenyo, ikakimbia mikononi. Huko juu puli ililia. Gogo likashuka nusu mita na kuanza kubembea juu ya simtanki.

"Jackline!" Sauti ya Hezekia ilitoka kwenye majani. "Unafanya nini huko chini, unasali?"

Jackline aliruka wima. Gogo likasimama.

"Nani huyo anamfokea mke wa mwanangu?" Bi Limi aliuliza, akitafuta sauti ilikotoka. Aliona mabuti mawili, kisha mkanda wenye kulabu na misumeno, kisha uso wenye ndevu.

Hezekia alikuwa mtu wa miaka arobaini na moja, na alijua adabu. "Shikamoo, mama!"

"Siitikii shikamoo inayotoka juu ya kichwa changu. Shuka unisalimie."

"Siwezi kushuka, mama. Gogo linabembea kwenye njia yangu. Mpaka lifike chini."

"Basi mwambie alishushe."

"Sheria ni kwamba watu watoke kwanza ndani ya utepe!"

"Watu gani?" Bi Limi akatazama nyuma yake.

Hapo ndipo Mwalimu Onesphory alipotoka ndani. Alikuwa mwalimu mstaafu, na maishani mwake hakuwahi kuacha mgeni asimame nje bila kumpa mkono. Alifika na shati lake la mikono mirefu, akainua utepe, akanyoosha njia kumwelekea Bi Limi. Njia hiyo ilipita chini kabisa ya gogo.

"Karibu sana, mama, karibu, habari za—"

"Mwalimu, toka!" Jackline alipiga ukelele ambao hata yeye hakujua anao. "Toka hapo! Rudi nyuma! Sasa hivi!"

Mwalimu aliganda hapo alipokuwa, mkono ukiwa bado umenyooshwa. Alikuwa amemfundisha Jackline darasa la tano na la sita, na kwa miaka yote hiyo hakumsikia akisema kitu zaidi ya "ndiyo, mwalimu." Akarudi kinyumenyume hadi nje ya utepe, akaukunjua vizuri, akaugusa kama mtu anayehakikisha umesimama sawa.

Jackline alitaka ardhi immeze. Ndani ya dakika tatu alikuwa amekosa kumpigia magoti mkwe wake na kumfokea mwalimu wake. Na bado mambo hayajaisha, maana ule mtikisiko ulikuwa umefanya kazi yake kwenye shina. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, na ganda la mti ule, mkenge, lilikuwa limelowa. Mizunguko mitatu ya kamba ilipokaza, ganda lilimenyuka, likaacha mti wenyewe, mweupe na utelezi kama sabuni. Kamba ikaanza kuteleza. Taratibu, kisha si taratibu tena. Glavu za Jackline zilipata moto.

"Inakwenda!" alisema.

Bi Limi alikuwa bado amekunja mikono. Alitazama kamba, akatazama shina, na uso wake ukabadilika, ukawa uso wa mtu anayemwona dume la ng'ombe likigeuka zizini.

"Mizunguko haitoshi," alisema. "Nipe mkia."

"Mama, huna glavu!"

Bi Limi alivuta khanga mabegani, akaizungushia mikononi, akaokota ncha ya kamba iliyolala nyuma ya Jackline. Akauzunguka mti mara moja, akapita mbele ya mkaza mwana wake bila kumtazama, akauzunguka mara ya pili. Akachimbia kisigino ardhini, akalala nyuma. Kamba ilitoa sauti kavu, ikasimama.

Juu, Hezekia alikuwa amekumbatia mti kama mtoto.

"Sasa," alisema Bi Limi, "wewe ongoza, mimi nafuata. Usiharakishe. Ukiharakisha na dume, linajua."

Wakalishusha pamoja. Kiganja kwa kiganja, gogo liliipita simtanki, likapita ukingo wa bati, likatua chini kwa upole kabisa, kama mgonjwa anayelazwa kitandani. Lilitua juu ya kikapu.

Humo mlikuwa na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, ya kutosha wiki nzima, na kopo la samli.

Jackline alivua glavu, akavua kofia, akatembea hatua nne na kupiga magoti yote mawili kwenye maranda na samli. "Mwangaluka, mayu."

Bi Limi alitazama magoti yale. "Mwangaluka," aliitikia. Halafu akamshika mkono na kumgeuza kiganja juu. Kilikuwa chekundu, hakikuchubuka. "Kumbe hii ndiyo ofisi. Peter nitamshughulikia mwenyewe."

Hezekia alishuka, akatoa shikamoo yake kutoka mahali panapostahili, akapewa marahaba. Mwalimu naye hatimaye alitoa mkono wake. Lakini Bi Limi hakuwa na haraka ya kwenda ndani kunywa chai. Alikaa kwenye gogo na kuanza kupitisha kamba za Hezekia vidoleni, moja baada ya nyingine, akiwa amefumba macho.

"Nimezikagua asubuhi, mama," alisema Hezekia. "Huwa nazikagua kila siku. Naandika kwenye daftari."

"Unakagua kwa macho." Vidole vyake vilisimama. "Hapa pamekufa."

Ilikuwa kamba ya kupandia ya Hezekia, ya rangi ya bluu, ambayo alipanga kuitumia kwenda tawi la pili. Hezekia alitabasamu kwa heshima, akaichukua, akaikunja pale alipoonyeshwa. Nje ilikuwa safi. Alipoikunja zaidi, ikajikunja kama mkanda wa nguo, bila ubishi wowote, maana nyuzi za ndani zilikuwa zimekwisha. Tabasamu likamtoka. Akatazama juu kule alikokuwa, mita kumi na tano, akakaa chini kando ya Bi Limi bila kuombwa.

"Umejuaje?" aliuliza baadaye.

"Kaka yangu ana vidole vitatu mkono wa kulia. Kamba iliyomkatikia ilikuwa inapendeza kuitazama."

Hezekia alitoa kisu na kuikata vipande vipande, kila kipande kifupi kuliko mkono, ili asije mtu akaionea huruma na kuitumia tena. Bi Limi alimwomba kipande kimoja kirefu cha kufungia ndama. Hezekia alikataa. Bi Limi alisema ndama hapandi miti. Hezekia alisema sheria ni sheria, na kwa mara ya kwanza siku hiyo Bi Limi alicheka, cheko fupi la puani, akaacha.

Kazi iliahirishwa hadi Jumatatu, kamba mpya ifike kutoka Morogoro. Mwalimu Onesphory aliwapikia chai yeye mwenyewe, na alipomfikia Jackline na kikombe alisimama nje kidogo ya utepe, ambao hakuna aliyekumbuka kuuondoa, akauliza kama anaruhusiwa kupita.