Jimbo Lililosomwa Harakaharaka

Fundi hakuwa mtu wa kuwaonea watu wivu. Wivu wake wote alikuwa amemwekea mdogo wake wa tumbo moja, na ulikuwa unatosha.

Yeye ndiye aliyemlea Kiroboto mama yao alipofariki. Ndiye aliyempa hata hilo jina, kwa jinsi mtoto alivyokuwa hatulii. Alimsomesha kwa kushona marinda na kutia viraka suruali za watu, mpaka mgongo ukapinda. Kiroboto akasoma, akapata mdomo, akagombea ubunge. Sasa sura yake ilikuwa imebandikwa hadi kwenye ukuta wa duka la dada yake, na wateja waliokuja kupimwa waliuliza, "Kumbe wewe ndiye dada yake Mheshimiwa?" Zamani waliuliza kama yule mtoto ni mdogo wake Fundi. Hilo lilimkera kuliko yote.

Siku ya matokeo Kiroboto alikuja dukani asubuhi, peke yake, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Akakaa kwenye cherehani ya pili, ile aliyojifunzia, akaanza kupinda pindo la pazia la mteja.

"Wapambe wako wamekufukuza?" Fundi alimchokoza.

"Nimewakimbia. Nataka nisikilize na wewe, dada. Redio ikinitaja, wewe ndiye uniambie. Sitaki nisikie kwa mtu mwingine."

Redio ilikuwa juu ya kabati, karibu na sikio la Fundi. Lakini siku hiyo nani alikuwa na habari na wabunge? Kura zilipigwa pamoja, ila mtaa mzima ulikuwa unamsubiri rais. Kila jumla mpya ya urais ilipotoka, kinyozi wa jirani alipiga yowe, muuza vocha akamrudishia tusi, na katikati ya zogo hilo majimbo yakasomwa harakaharaka, kama mtu anayewahi chakula kisipoe.

Kiroboto alitoka kwenda uani kuchochea mkaa wa pasi. Hapo ndipo mtangazaji alipolisoma jimbo lao. Ameshinda. Tena si kwa kubahatisha. Yule mzee aliyekikalia kiti miaka nenda rudi ameachwa mbali kabisa.

Mkono wa Fundi ulikwenda wenyewe kwenye redio, ukapunguza sauti. Roho ilimuuma. Basi ndiyo imetoka hiyo. Kuanzia leo atakuwa dada yake fulani mpaka kufa.

Kiroboto akarudi na pasi. "Wametaja letu?"

"Bado," alisema Fundi, akitunga uzi kwenye sindano asiyoihitaji. "Ni rais tu, rais tu."

"Hujasikia kitu?"

"Nisikie nini na makelele yote haya?" Uongo ulikuwa umeshatoka na haukumchoma, basi akaendelea kwa sauti laini. "Hata ukikosa, usijali. Mashine yako si hiyo hapo? Tutashona wote kama zamani."

Na hapo alikuwa anasema kweli. Kwa kitambo hicho alimpenda mdogo wake kuliko alivyokuwa amempenda kwa miaka mingi, huyu aliyeshindwa, mwenye pazia la watu mapajani.

Kiroboto alimalizia pindo, akakata uzi kwa meno. "Dada," akasema polepole, "kura zikishahesabiwa, mawakala hupewa nakala ya matokeo palepale kituoni. Wangu walijumlisha kabla hakujakucha. Nimekuja hapa najua. Nilitaka nijifanye sijui, uniambie wewe, unikumbatie kama ulivyokuwa ukinikumbatia nikifaulu mtihani."

Fundi aliiweka sindano chini.

Nje kelele zilibadilika. Kinyozi aliingia mbio, taulo la mteja bado begani, wapambe nyuma yake na vigelegele juu. "Mheshimiwa! Tumekutafuta mji mzima! Umeshapata habari?"

Kiroboto alimshika Fundi mkono, akauinua watu wote wauone. "Nimeshapata. Dada yangu ndiye wa kwanza kuniambia. Mwoneni, analia kwa furaha."

Na kweli Fundi alikuwa analia. Watu walimkumbatia, wakamsifu kwa moyo wake mweupe, na yeye, katikati ya vifijo, aliona wazi kwamba hata kwa wema yule mtoto ameshampita, na wivu ukamchoma upya.