Harufu Aliyoikataa Kidani

Sikuwa na ugomvi na harufu yangu mpaka siku Madam Anastazia alipoifungulia madirisha.

Ilikuwa Jumatatu, kikao cha idara, milango imefungwa na kiyoyozi kinavuma. Nilikuwa nimetoka Hombolo kwa mama alfajiri ile ile. Nilikuwa nimekamua mbuzi, nikaoga, nikajipaka mafuta, nikavaa blauzi iliyonyooshwa vizuri. Madam ndiye mkuu wetu mpya. Alihamishiwa Dodoma kutoka Dar es Salaam, na tangu afike amekuwa akilalamikia vumbi, upepo na maji ya chumvi kana kwamba sisi wenyeji ndio tuliomwekea. Akaacha kusoma ajenda, akashika pua.

"Hebu fungueni madirisha," akasema. "Humu kuna mtu ananuka beberu."

Hakutaja jina, wala hakuhitaji. Ofisi nzima inajua nani huenda Hombolo kila Ijumaa na kurudi Jumatatu na chupa za maziwa kwenye begi, maana maziwa hayo wanayanywa wao. Wengine walicheka waziwazi, wengine walichekea mabegani. Gaudence, kijana ninayekaa naye masjala, alijifanya anatafuta kalamu chini ya meza.

Damu ilinichemka mpaka masikioni. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba ulikuwa uongo. Sisi hatuna beberu. Tangu baba afariki mama hafugi dume. Jike akihitaji, anapelekwa kwa jirani yetu Bartolomayo. Na beberu ndiye anayenuka, jike hanuki hivyo. Mtu anakutukana mbele za watu, halafu hata tusi lenyewe hajui kulitengeneza.

Siku ile nikaapa nitatafuta harufu yangu. Sikutaka ya kujificha, nilitaka ya kwangu peke yangu, nikipita koridoni watu wajue Asnath amepita hata kama hawakuniona.

Nikaenda kwa Shamila. Ana duka dogo la pafyumu za kupima karibu na soko, mwanamke wa Kondoa mwenye maneno mengi na pua isiyodanganyika. Rafu zake zimejaa chupa za mafuta, naye huyavuta kwa bomba la sindano na kukuchanganyia unachotaka. Nilimwambia nimeitwa beberu kazini. Alicheka mpaka akakaa chini, na mimi nikataka kuondoka, akanishika mkono.

Alininusisha kila kitu. Kulikuwa na Usiku wa Dubai, Malkia wa Paris, Bustani ya Sultani. Nilimuuliza kwa nini hakuna hata chupa moja yenye jina la huku kwetu, akajibu kwamba nani atanunua Vumbi la Dodoma. Kila nilipochanganyikiwa alinipa kifuniko cha soda chenye unga wa kahawa ninuse ili pua ipumzike, kisha tukaanza upya. Waridi ilinifanya kama mgeni wa harusi. Udi ulinizeesha. Moja ya vanila ilinifanya ninukie keki, na nyuki akanifuata mpaka stendi. Nilirudi pale wiki baada ya wiki, nikiwa nimenuna kila mara, maana nilijua ninayahangaikia yale kwa ajili ya nani, na nilijichukia kwa hilo.

Hatimaye alinichanganyia sandali, limau, na miski kidogo. Akanipaka kwenye kiwiko, akaniambia nizunguke soko nirudi. Niliporudi sikutaka kuondoa pua yangu mkononi. Ilikuwa kavu, yenye ukali kwa chini, kama ardhi ya kwetu inapoguswa na mvua ya kwanza. Shamila akasema miski ya asili hutoka kwa mnyama dume wa porini, kwa hiyo Madam hakuwa amekosea sana, alitangulia tu. Nilimwambia afunge mdomo na ajaze chupa.

Ofisini mambo yakabadilika. Gaudence alisema, "Dada Asnath, nimekusikia kabla hujafika." Wadada wa uhasibu wakaniuliza ni pafyumu gani, nikakataa kuwaambia. Madam mwenyewe alisimama mlangoni kwangu, akavuta pumzi, akasema afadhali. Neno hilo moja tu, afadhali. Nami, mjinga, nikafurahi. Nikaanza kuivaa hadi nikilala.

Ijumaa iliyofuata nilishuka Hombolo nimejipulizia mikono, shingo na khanga niliyojifunga begani. Mama alikuwa ameketi nje ya zizi akikanda vidole vyake. Baridi yabisi imemkunja mikono, siku hizi hata kamba haifungi vizuri. Nilimwamkia, shikamoo, akaitikia, kisha akaniinulia uso.

"Leo unanuka, mwanangu."

Mama ni Mgogo wa kijijini na Kiswahili alikijulia ukubwani. Kwake kunuka na kunukia ni neno moja: ua linanuka, mzoga unanuka, wali wa karafuu unanuka. Nikamwambia kwa sauti ya mtu wa mjini, "Nanukia, mama. Sema unanukia." Akageuka kutazama mbuzi wake.

Kesho yake mchana Kidani akashikwa na uchungu. Kidani ni mbuzi mwekundu mwenye mstari mweupe shingoni, na ule ndio ulikuwa uzazi wake wa kwanza. Alisukuma muda mrefu, ukatoka mguu mmoja tu, wa pili ukawa umekunjika kwa ndani. Mama alijaribu, vidole vikakataa. Akaniambia nipake sabuni niingize mkono. Niliingiza, nikaupapasa ule mguu, nikaunyoosha, nikavuta pamoja naye aliposukuma, na mtoto akadondoka mikononi mwangu akiwa hai.

Hapo ndipo nilipoharibu. Mtoto wa mbuzi anapaswa kuachwa alambwe na mama yake, hivyo ndivyo wanavyojuana. Nalijua hilo tangu utotoni. Lakini alikuwa anatetemeka, na mimi nilikuwa na furaha ya kuokoa, nikavuta khanga yangu begani nikamfuta, nikamkausha mpaka masikioni, nikamfunga kama mtoto wa kliniki. Mama alikuwa amekwenda kuleta maji. Aliporudi mtoto alikuwa mkavu, anang'aa, ananukia sandali, limau na miski.

Nikamweka mbele ya Kidani. Kidani akanyoosha shingo, akanusa mara moja, akapiga chafya. Kisha akamgonga kwa kichwa. Mtoto akaanguka, akainuka, akamfuata tena kwa ile miguu ya kuyumba, akagongwa tena, safari hii mpaka kwenye miti ya zizi.

Mama alimwokota, akamnusa, akaninusa mimi. Hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba nimempaka dume, na kwamba mama gani atamnyonyesha mtoto mwenye harufu ya mwanamume asiyemjua. Tulijaribu yote. Tulimpaka maziwa ya mama yake, tukampaka chumvi. Kondo la nyuma lingesaidia, lakini mbwa alikuwa ameshaliburuta. Nilimshika Kidani pembe, mtoto akapata dang'a, yale maziwa ya kwanza. Nilipomwachia tu, akamgonga. Jumapili nzima ikawa hivyo, na kila nilipoona kile kichwa kinashuka nilitamani kimgonge Madam Anastazia.

Jioni nikaanza kukusanya vitu vyangu. Nikamwambia mama labda Bartolomayo atakuja kumshika Kidani asubuhi na jioni. Mama akanionyesha mikono yake, halafu akaniwekea yule mtoto mapajani.

"Umemnukisha wewe. Mnyonyeshe wewe."

Ile khanga aliichukua akaitundika kwenye uzio wa zizi. Alisema angalau fisi hatasogea.

Basi Jumatatu niliingia ofisini na boksi la karatasi za kuchapia, na ndani ya boksi mna mbuzi. Nilikuwa nimemlaza chumbani kwangu, mtaa wa Kikuyu, naye alikuwa amenilalia shingoni usiku kucha. Maziwa ya mama yake niliyakamua nikayaweka kwenye chupa yenye chuchu. Sikujipulizia chochote. Nilijua ninachokifanya si cha ofisini, lakini nikimwacha chumbani atashinda na njaa mpaka jioni, na hizo saa asingezimaliza. Gaudence alichungulia ndani ya boksi, akafunga mlango wa masjala, akashika chupa yeye mwenyewe huku mimi nikipanga mafaili.

Tulifika hivyo mpaka karibu na saa ya chai. Madam aliingia kutafuta faili, na kabla hajamaliza kulitaja, boksi likalia. Mlio mrefu, wa njaa. Nyuma yake wakasimama wadada wa uhasibu.

"Ni nini hicho?"

"Mbuzi, Madam."

Akarudi hatua nyuma akashika pua, vilevile kama siku ile. Akasema alijua, akasema mtu unaweza kumtoa kijijini lakini kunuka hakutoki. Wadada wakaanza kucheka. Nami nikasikia ile damu inapanda tena masikioni, ila safari hii sikuizuia.

"Siku ile ulisema nanuka beberu," nikamwambia. "Ulisema uongo, kwetu hakuna beberu. Nikanyamaza. Nikaenda kutafuta harufu ya kukuridhisha wewe, nikaipata, ukaniambia afadhali. Nimekwenda nayo nyumbani, mbuzi amemkataa mtoto wake kwa sababu ya harufu hiyo. Huyu hapa hana mama. Sasa chagua wewe unataka ninuke nini, maana mimi nimechoka kuchagua."

Hakuna aliyecheka. Gaudence bado alikuwa ameshika chupa, na mtoto, aliyeitafuta ile chuchu kwa pua, aliipata akaanza kunyonya kwa kelele mbele ya mkuu wa idara. Madam alinitazama mimi, akamtazama mbuzi. Akasema nimtoe haraka, na kwamba nitajieleza. Nikamwambia nitajieleza nikirudi, kwa sasa naomba likizo yangu ya mwaka, sijaichukua hata siku moja. Aliitia saini pale pale, amesimama, ili mradi mimi na boksi tutoke.

Hakuniomba radhi, na mpaka leo hajaniomba. Niliporudi nilipewa onyo, nikalipokea, na hasira yangu nikabaki nayo. Sioni kwa nini nimsaidie mtu kuisahau. Lakini tangu siku ile hajafungua dirisha kwa ajili ya mtu yeyote.

Ile likizo niliimalizia zizini. Nilikamua, nikanyonyesha kwa chupa, nikazoa samadi, nikalala na mtoto miguuni kwa sababu alilia akiniona mbali. Pafyumu sikuitupa. Naipenda, ni yangu, niliihangaikia, na kosa si la chupa. Ilikaa dirishani Kikuyu ikinisubiri. Kidani hakumkubali mwanawe hata siku moja. Alipopita karibu alimgeuzia mgongo kama hawajuani, na mtoto akajifunza kutomfuata. Alinifuata mimi. Alininusa mikono, kwapa na magoti, akiridhika ndipo analala.

Siku ya mwisho nilimpeleka machungani na wenzake kwa mara ya kwanza, nikarudi nimechoka, nikakaa karibu na mama aliyekuwa akikanda vidole. Nikaichukua mikono yake nikaanza kuikanda mimi. Akanyoosha pua mpaka begani kwangu, akavuta pumzi taratibu, kama Kidani alivyonusa siku ile, na mimi nikasubiri chafya.

"Sasa unanuka, mwanangu," akasema.

Sikumsahihisha.