Joto la Mabati

Ndugu wawili walizaliwa na ualbino, na wote wakaangukia kazi moja, kuezeka nyumba. Watu wakawaita Fundi Mkubwa na Fundi Mdogo. Mkubwa alipofariki kwa kidonda cha shingoni kilichokataa kupona, mdogo alirithi nyundo zake, wateja wake, na, kwa bahati mbaya ya mjane wa marehemu, sauti yake pia.

Hilo ndilo lililomtesa mjane. Akisikia "Wenyewe mpo?" mlangoni, moyo humruka, mikono hutafuta bilauri ya maji kabla akili haijamkumbusha kwamba anayeingia ni shemeji. Tena huyo shemeji alitembea vile vile, bega moja chini, kama anayebeba ngazi hata asipokuwa nayo.

Siku moja paa la mjane likaanza kuvuja, shemeji akaja kulitengeneza. Jua la mchana lilikuwa kali. Alipoinama kufunga kamba za viatu, ukosi wa shati ukateleza, mjane akakiona. Kilikuwa shingoni, chini ya sikio: kigaga cha kahawia, kingo zimeinuka, katikati pabichi.

"Shemeji, hicho nini?"

"Kipi? Aa, hiki? Msumari tu ulinikwaruza."

Mjane akamsogelea. Maneno yalikuwa yale yale. Mumewe aliyasema hapo hapo uani, naye akamwamini, akamchemshia maji ya chumvi. Kigaga kikaanguka, kikarudi, kikaanguka, kikarudi kikubwa zaidi. Hadi leo akifungua kabati alikokuwa akiweka bendeji, ile harufu ya kidonda humpanda puani, ingawa kabati amelisugua mpaka rangi imetoka.

"Twende hospitali," akasema.

"Nikimaliza paa."

"Sasa hivi!"

"Shemeji, usinitie uchuro. Kila mwenye kidonda ni kaka?" Akacheka, akapanda zake.

Mjane alibaki chini akisikiliza nyundo. Ko, ko, kimya. Ko, ko, kimya. Fundi Mkubwa aligonga hivyo hivyo. Kwa kitambo kirefu hakujua ni nani hasa aliye juu. Hasira zikampanda, akaikamata ngazi na kuiondoa ukutani.

"Hutelemki mpaka uniahidi!"

"Wewe mama wewe! Unanianika kama nguo?"

Neno hilo likamchoma. Kweli, alikuwa amemwacha palepale palipomuua mumewe. Akairudisha ngazi mbio mbio, akajitanda mtandio, akajipiga moyo konde na kuanza kupanda, yeye ambaye hata juu ya kiti hupata kizunguzungu.

Alipofika juu aliweka kiganja kwenye bati, akakiondoa papo hapo kama aliyegusa sufuria jikoni. Joto lilitoka juu, na lile lililogonga bati likarudi usoni kwa mara ya pili. Macho yakamjaa machozi ya mng'ao. Miaka yote ile alimpokea mumewe jioni akiwa mwekundu, midomo imepasuka, akamtania, "Leo umeiva." Hakuwahi kupanda kuona alikoivia.

Akatambaa mpaka alipokuwa shemeji, akavua mtandio na kumfunika kichwa, masikio na shingo. Fundi Mdogo alitaka kufanya mzaha, lakini alipoyaona machozi yake, akaichomeka nyundo kiunoni.

"Usilie, shemeji. Nashuka."

Hospitali walikikata kidonda, wakakipeleka kupimwa. Majibu yalipotoka daktari hakuzunguka mbuyu: ni saratani ya ngozi, lakini haijasambaa, na chote kimetoka. Mwenye ualbino, akasema, ngozi yake haina kinga dhidi ya jua. Avae kofia pana na mikono mirefu, apake mafuta ya kukinga, asikae juani mchana, na arudi kuangaliwa.

Mjane akauliza, "Na mtu akikaa mwaka mzima akisema ni msumari?"

"Mtu gani, mama?"

"Mume wangu."

Daktari akavua miwani, akaifuta ingawa ilikuwa safi. "Angewahi, huenda tungekikata hivi hivi."

"Ahsante," mjane akasema, kama aliyeelekezwa njia.

Fundi Mdogo sasa hukata na kukunja mabati chini ya kibanda, na paani hupanda alfajiri tu. Amenusurika, analalamika, ananenepa. Mjane ndiye ambaye hakupona. Kila aendako macho yake huenda shingoni mwa watu, masikioni, midomoni. Kwenye foleni ya maji hushindwa kusogea kwa kumkodolea aliye mbele yake.

Juzi alipishana na msukuma mkokoteni, mtu mwenye ualbino, kichwa wazi, na juu ya sikio lake palikuwa na kigaga kilichopasuka. Mjane akageuza njia na kumfuata.

"Kaka, samahani, hicho sikioni kina muda gani?"

"Mama, nina kazi."

"Najua. Kina muda gani?"

Mtu yule akaongeza mwendo. Mjane akakazana na ndala zake, akaenda naye sambamba, mkono umeinuliwa kumkinga jua.