Shada la Msibani kwa Aliye Hai

"Nani amefariki?" aliuliza Marketta, mwenye duka la maua katika mji wetu mdogo wa Suojoki, huku keshashika kalamu.

"Hakuna aliyefariki," Sulevi alijibu.

Marketta alimtazama juu ya miwani. Mtu mzima wa miaka hamsini na miwili, ndevu hadi kifuani, fulana nyeusi, ameingia dukani kuagiza shada la msibani lenye mawaridi meupe, majani ya msonobari na kadi ya maandishi, halafu anasema hakuna aliyefariki.

"Hili ni la kuweka kwenye jeneza, Sulevi. Kama ni siku ya kuzaliwa nina vikapu vizuri."

"Nataka hilohilo la jeneza."

"Basi yuko mahututi?"

"Yuko kwake anakunywa kahawa. Nimemwona dirishani sasa hivi."

Marketta aliandika oda, ila kwa mkono wa mtu anayetia saini jambo asilokubaliana nalo. Kadi, Sulevi alisema, ataiandika mwenyewe.

Watu wa Suojoki, na nasema hili nikiwa mmoja wao, hatujaumbiwa maneno. Mume na mke wanaweza kuishi miaka arobaini chini ya paa moja bila kuambiana neno tamu hata moja, na kila mmoja akajiona ana bahati. Lakini siku ya mazishi ndimi hulegea kidogo. Waombolezaji hutoka kwenye mabenchi mmoja mmoja na maua yao, huyalaza kando ya jeneza, husoma kwa sauti walichoandika kwenye kadi, huinama, kisha hurudi kukaa. Maneno ambayo marehemu angeyafurahia siku zote za uhai wake anasomewa siku ambayo hasikii kitu. Kwangu mimi ni upuuzi mtupu, lakini ndiyo desturi, na nimeifuata kama wengine.

Sulevi aliifuata alipomzika baba yake. Alipofika kwenye neno "asante" sauti ilimkauka, kwa maana hakuwahi kulitamka mbele ya mzee huyo akiwa hai. Aliporudi kwenye benchi aliapa kwamba jambo hilo halitatokea tena kwa mtu mwingine. Na mtu huyo mwingine alikuwa Rauha, aliyepiga kinanda cha kanisa letu miaka thelathini na moja, na ambaye sasa alikuwa na miaka themanini na sita.

Ili uelewe deni hilo lilikuwa la namna gani, turudi Februari ya mwaka 1992. Sulevi, Pentti na Jarkko walikuwa na bendi ya metali, ule muziki wa magitaa yanayonguruma, iliyoitwa Raskas Multa, yaani Udongo Mzito. Kwetu marehemu huombewa udongo uwe mwepesi juu yake, kwa hiyo bibi yake Pentti aliposikia jina hilo hakumsemesha mjukuu wake hadi Pasaka. Pentti alipiga ngoma. Jarkko alipiga gitaa na kuimba kwa sauti ya dubu aliyekatishwa usingizi. Sulevi alishika vinanda vya umeme. Na walitaka kupiga haraka. Wakati huo kila kijana mwenye gitaa katika nchi hii alitaka kuwa wa haraka kuliko jirani yake, na hawa nao hawakuwa na wazo jingine kichwani.

Wazo lao moja la ziada lilikuwa kurekodi wimbo mmoja kwa kinanda kikubwa cha kanisani, kile cha mabomba. Sulevi alimwendea Rauha, aliyekuwa amemfundisha muziki kwenye harmonia, kile kinanda kidogo cha kupuliziwa hewa kwa miguu, katika ukumbi wa usharika. Rauha alimpa ufunguo wa kanisa kwa Jumamosi moja. Sharti lake lilikuwa moja tu, kwamba wakung'ute theluji viatuni kabla ya kuingia. Kisha naye akaja na koti lake na chupa ya chai, akakaa benchi la mbele kusikiliza.

Sulevi alikuwa hajawahi kukigusa kinanda kile. Hakujua kwamba kilikuwa kizee cha aina yake, ambacho ukibonyeza kitufe hewa inasafiri kwanza ndani ya mirija mirefu myembamba kabla bomba halijalia. Unabonyeza sasa, sauti inakuja baadaye, kama ngurumo baada ya radi. Basi Sulevi, juu kwenye roshani, alibonyeza kwa wakati wake. Pentti, chini karibu na madhabahu, alisikia sauti imechelewa, akaisubiri. Sulevi akasikia ngoma zimepungua mwendo, akadhani Pentti amechoka, naye akapunguza ili wasiachane. Pentti akapunguza zaidi. Jarkko, katikati ya kanisa, aliwafuata wote wawili kama mtu anayetembea na wazee. Wimbo wa dakika nne ulichukua dakika kumi na moja.

"Mlikuwa mnavuta jokofu au?" Pentti aliuliza walipomaliza.

"Wewe ndiye uliyekuwa umelala," Sulevi alimjibu kutoka juu.

Walitaka kurudia, lakini vidole vilikuwa vimeganda na Jarkko alikuwa hana sauti tena. Wakakubaliana waitume kanda ilivyo kwa kampuni ya muziki, waone aibu mara moja yaishe.

Aibu haikuja. Zilikuja barua. Barua kutoka Norwe, Italia, Brazili, Japani. Vijana waliandika kwamba hawajawahi kusikia muziki uliowaruhusu kuhuzunika bila kuharakishwa. Baada ya miaka mitano kulikuwa na bendi huko Poland na Chile zilizopiga kwa mwendo uleule, na dunia ikaupa mtindo huo jina, metali ya mazishi. Mtaalamu mmoja wa Ujerumani alijaza kurasa arobaini kuhusu falsafa ya wakati ya Raskas Multa. Waandishi walipouliza, Jarkko alisema "inahusu kifo" na kunyamaza, na wote wakaandika kwamba ana kina. Watatu hao walitoa albamu saba, wakalisha watoto wao, wakaona nchi ambazo baba zao waliziona kwenye ramani tu. Siri ya kinanda, waliyoing'amua baadaye, hawakumwambia hata mtu mmoja, hata wake zao.

Ingekuwa hivyo tu, Sulevi angemshukuru Rauha siku yoyote, kwa kadi ya Krismasi. Lakini majira ya kuchipua, miezi michache kabla ya Sulevi kuagiza shada, mama yake Pentti, aliyewahi kukaa kwenye baraza la usharika, alitoboa jambo. Kanda ile ilipofika mjini, baraza lilimwandikia Rauha barua. Walimwondoa kwenye kinanda kikubwa kwa kosa la kufungulia kanisa wapiga kelele, wakampeleka kwenye kanisa dogo la makaburini, akapige harmonia mbovu. Alikaa huko miaka miwili. Sulevi wakati huo alikuwa mjini Tampere akifurahia barua za Wajapani. Alisikia kwamba Mwalimu amehamia makaburini, akadhani ameomba apumzike.

Sasa alijua ukweli. Angetaka kwenda kwa Rauha siku hiyohiyo, lakini aliogopa, na hofu yake naielewa. Je, kama Rauha amejuta siku zote hizi? Je, kama kila akiona picha yao gazetini anasema moyoni, hawa ndio walionifukuzisha? Mara tatu Sulevi alitembea hadi nyumbani kwake, mara tatu akapita mlango kama mtu aendaye posta.

Ndipo usharika wenyewe, chini ya mchungaji mpya ambaye alikuwa msichana mdogo tu kanda ilipotoka, ukawaalika wapige kanisani kuadhimisha miaka thelathini. Jumamosi ya Agosti, saa sita mchana. Watu mia nne walikuja, wamevaa nyeusi tupu, na wakapanga foleni nje bila kusukumana. Akina mama wa usharika, waliokuwa wamejiandaa kwa vurugu, waliishia kuwamiminia kahawa na kuwakatia mkate mtamu wa iliki.

"Hawa wana adabu kuliko kwaya yetu," alisema mmoja wao.

"Kwaya yetu haijawahi kuosha vikombe," alisema mwenzake.

Rauha alikuja na kigari chake cha kutembelea, koti la buluu, nywele zimechanwa vizuri. Alikaa benchi la mbele. Walipiga nyimbo tano, wa mwisho ukiwa ule wa 1992, kwa kinanda kilekile na mwendo uleule, na Sulevi aliupiga akiwa na jasho mgongoni, kwa sababu alijua kinachofuata.

Sauti ya mwisho ilipoisha alishuka roshani na shada mikononi. Wageni hawakuelewa kitu, lakini wenyeji kule nyuma walielewa kabisa, na hapo ndipo minong'ono ilipoanza.

"Jamani, ni nani?"

"Anaelekea kwa Rauha."

"Amekufa hapo kwenye benchi?"

"Acha wewe. Si huyo anapenga kamasi."

Pentti alimdaka mkono alipopita karibu na ngoma. "Bwana wee, unafanya nini? Utamuua bibi wa watu kwa mshtuko."

"Niache, Pentti."

"Basi mimi simo."

Sulevi alilaza shada miguuni pa Rauha. Aliishika kadi kwa mikono miwili, akasoma:

"Mwalimu Rauha. Ulitupa ufunguo wakati hakuna aliyetupa hata nafasi ya kukaa. Muziki huu ambao watu wanasema tuliubuni, hatukuubuni. Lilikuwa kosa. Kinanda kilichelewa, nikadhani Pentti amechoka, tukasubiriana hadi mwisho, kisha tukakaa kimya miaka thelathini tukisifiwa. Wewe uliadhibiwa kwa ajili yetu. Sikujua, na nilipojua sikuja. Kila nilicho nacho kilitoka siku ile. Asante. Na kama unajuta, una haki."

Watu mia nne walikuwa wamesikia. Jarkko, aliyedanganya waandishi wa mabara matano, alikaa chini juu ya spika yake na kufunika uso. Sulevi alisimama akingoja.

Rauha aliliangalia shada. Aliligusa ua moja kwa ncha ya kiatu.

"Hujainama," alisema.

Sulevi aliinama.

"Haya, kaa hapa. Shingo inaniuma kukutazama juu." Alimpisha kwenye benchi. "Sasa niambie, kosa lipi?"

"La kinanda, Mwalimu. Kinachelewa."

"Unanifundisha mimi kinanda changu? Kila anayekipiga anajua kinachelewa. Unatanguliza vidole, basi. Kitu cha kumwambia mtu kwa sentensi moja."

Sulevi alimkodolea macho. "Kumbe ulikuwa unajua? Siku ile?"

"Mlipoanza tu nilijua. Nikainuka nije kukwambia. Nilifika kwenye ngazi ya roshani, nikapanda vidato vitatu."

"Halafu?"

Rauha alifungua mkoba, akatoa leso, hakuitumia. Alipozungumza tena alishusha sauti, na waliokuwa benchi la pili waliinamisha vichwa kama watu wanaosali.

"Mume wangu Oiva alikuwa na wiki tano kaburini. Umesahau, ulikuwa kijana tu. Daktari alinipa likizo ya wiki mbili. Dada yangu alikuja na magunia, nguo zake zitolewe. Mchungaji aliniambia tenzi nazipiga taratibu mno, watu wanasikia baridi. Kila mtu ananisukuma, Rauha harakisha, Rauha maisha yanaendelea. Nikawa sijalia hata chozi, maana nafasi ilikuwa wapi? Nikasimama pale ngazini, na ninyi huku mnapiga kitu chenye mwendo wangu mimi. Hamharakishi. Mnangoja. Nikakaa pale kwenye kidato nikalia dakika zote kumi na moja. Ningekwambia utangulize vidole? Ningekuwa mwendawazimu."

Sulevi aliigeuzageuza kadi.

"Na makaburini?" aliuliza. "Miaka miwili, Mwalimu. Kwa ajili yetu."

"Dirisha la kanisa lile dogo linatazama kaburi la Oiva. Nilikuwa napiga harmonia namwona. Baraza walidhani wamenikomoa, nami nikawaacha wadhani. Waliponirudisha huku ndipo niliponuna."

Mtu mmoja wa benchi la pili alicheka, akajifanya anakohoa. Rauha alinyoosha mkono. "Lete hiyo kadi."

Sulevi alimpa. Rauha aliisoma mwenyewe, midomo ikicheza, kisha akaikunja mara mbili na kuitia mkobani, akafunga zipu.

"Unisamehe na wewe," alisema. "Mimi nilikuwa na asante yangu kwako tangu siku ile. Miaka thelathini naipitisha mlangoni kwako nikirudi nayo. Nikasema nitaisoma kwa wakati wake, kama watu wengine wanavyofanya." Alimshika Sulevi kwenye ndevu, kwa vidole viwili, kama anayempima mtoto. "Halafu juzi nikapiga hesabu ya umri wako na wangu, nikaona mimi nitatangulia, jeneza lako sitalifikia."