Nyumba Iliyovuka Barabara ya Hollis

Renita Pettway na mumewe Alonzo walikuwa wamekaa kwenye ngazi ya kibaraza cha nyumba waliyotaka kuinunua, wakila mkate na samaki wa kukaanga, wakimsubiri mthamini wa benki. Ngazi ilikosa kidato. Paa lilivuja, mabomba yalikuwa yameibwa, na jikoni kulikuwa kumeota mti. Waliipenda nyumba ile kupita kiasi. Miaka yote ya ndoa yao walikuwa wamepanga chumba juu ya saluni, hapo hapo Cleveland mashariki, mtaa wa Wamarekani weusi, na nguo zao zote zilinuka dawa ya nywele.

Benki ilikuwa tayari kuwapa mkopo mmoja wa kununua na kukarabati, mradi thamani ya nyumba ikishatengenezwa itoshe kuudhamini.

Bwana Haskell, mthamini, alikuwa mzungu mpole mwenye tai ya kijani. Akapima kuta, akaangalia michoro ya fundi, akawatajia kiasi. Hakikutosha hata kuinunua.

"Na tukishaitengeneza?" Alonzo akauliza.

"Hiyo ndiyo thamani yake ikishatengenezwa, kaka."

Alipoondoka, Renita alilia kidogo, kisha akamalizia samaki wake. Mwenye nyumba alikuwa amewapa hadi mwisho wa mwezi tu.

Jumanne asubuhi, Renita akiwa ndani anapima madirisha kwa ajili ya mapazia, nyumba iliinuka kwenye msingi wake, ikajikung'uta vumbi na kuanza kutembea kuelekea magharibi. Renita alishika fremu ya mlango, akaanza kucheka, na kicheko kikakataa kukatika. Alonzo alitangulia mbio kusimamisha magari kwenye Barabara ya Hollis.

"Polepole, mama, polepole!" aliiambia nyumba.

Dereva wa basi alifungua dirisha. "Kaka, yako inachechemea!"

"Ni ngazi hiyo! Tutaitengeneza!"

Askari wa trafiki aliomba tu isidondoshe misumari.

Ng'ambo ya Hollis, upande wa wazungu, palikuwa na kiwanja kitupu kati ya nyumba mbili nyeupe. Nyumba ikajigeuza, ikakaa. Jirani mmoja akatoka na mbwa wake, akawakaribisha, akawaomba wasiyakanyage maua yake.

Kwa kuwa anwani ilikuwa imebadilika, benki ilimtuma Bwana Haskell tena. Aliruka kidato kilichokosekana bila kutazama chini. Akapima kuta zile zile, akauzunguka mti wa jikoni, akawatajia kiasi karibu mara mbili ya kile cha kwanza.

"Lakini ni ile ile!" Renita akasema.

"Ile ile kabisa, dada. Hata ufa huu naukumbuka."

"Sasa kimebadilika nini?"

"Upande," akajibu, akawapa mkono wa pongezi. Alikuwa amewafurahia kweli.

Ijumaa walitia saini. Jumapili nyumba ikarudi yenyewe, kwa kuwa kule hakuna aliyepita kuisalimia. Mtaa mzima uliipokea kwa makofi. Watu walicheza barazani hadi kidato kingine kikavunjika, na Alonzo akambeba mkewe mlangoni, akajigonga kichwa, akarudia. Benki ikawa inatoa fedha kidogo kidogo kadiri kazi ilivyokwenda: paa, mabomba, kisha jikoni. Mti waliuacha.

Masika yaliyofuata, jirani yao Bi Ernestine akaomba mkopo wa paa. Nyumba yake ilikuwa ya matofali. Mtaa ukakusanyika asubuhi kuitia moyo ivuke Hollis.

"Haya, bibi harusi!" Alonzo akaimba. "Inua gauni!"

Nyumba ikajiinua shubiri moja. Watu wakapiga vigelegele. Ikayumba, ikapumua vumbi kupitia madirisha yote, ikaketi.

"Usijali, mpenzi," Bi Ernestine aliiambia, akiupapasa ukuta. "Magoti hata mimi yananisumbua."

Basi Bwana Haskell akaja kuithamini pale pale ilipo. Akaisifia milango ya mwaloni, akataja kiasi kile kile kidogo cha upande huu wa Hollis, na paa likakosa mkopo.

"Ingekuwa tu kule ng'ambo, bibi..."

"Najua, mwanangu. Kaa ule pai."

Ilikuwa pai ya viazi vitamu, bado ya moto. Alikula vipande viwili, huku sakafu ikipanda na kushuka taratibu chini ya viti vyao, nyumba ikijaribu tena.