Maji Ndani ya Ukuta

Damas alipoishusha kamba ndani ya bomba la tatu, kizito cha nchani kiligusa maji mapema mno. Akaipandisha, akaifuta, akaishusha tena. Mita mbili. Juma lililopita zilikuwa nne.

Kwa miaka kumi na mmoja kazi yake ilikuwa hiyo: kutembea juu ya ukuta wa udongo uliozuia bwawa la matope ya kiwanda cha shaba, nje kidogo ya Likasi, na kupima maji yaliyojificha ndani yake. Yakipanda, ukuta hulainika. Aliteremka hadi chini, penye mchirizi uliovuja siku zote, maji maangavu. Leo ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Ukuta ulikuwa unaliwa kutoka ndani.

"Chef, maji iko inatoka na udongo," alimwambia injinia Guy ofisini. "Tusimamishe pompe ya matope. Bantu ba ku mashamba batoke."

Guy hakuinua macho. "Bageni banafika Alhamisi. Andika mita ine, sawa juma yenye ilipita."

"Lakini iko mbili, chef."

"Contrat yako inaisha mwezi gani, Damas?"

Damas aliandika nne. Akatia sahihi.

Saa nane alikuwa kijitoni, chini ya ukuta, kwenye matuta ya Mélanie, dada yake mkubwa, aliyemlea na kumsomesha kwa mboga alizouza katika soko la Kikula.

"Yaya, usirudie huku. Ukuta iko mubaya."

Mélanie alinyoosha mgongo. "Na ku kitabu yabo, uliandika nini?"

Damas aling'oa gugu moja kwenye tuta.

"Minye nakuuliza."

"Niliandika iko muzuri."

Dada yake alipangusa udongo viganjani. "Sasa benzangu nitabaambia nini? Weye mwenyewe ulitia sinyatire." Akainama tena kwenye kabichi zake. "Hizi shu zinabakia siku tatu. Nikizikata, nitatoka."

Angeweza kumvuta mkono. Angeweza kupiga kelele, shamba kwa shamba. Alipanda kurudi kazini.

Ukuta uliachia siku ya pili, asubuhi, jua likiwaka. Damas aliona ardhi ikizama polepole kama mkate usioiva, akapuliza filimbi hadi midomo ikachanika. Kule chini wanawake waliinua vichwa, wakatazama juu, wakitaka kujua nani anapuliza.

Matope yalichukua watu saba. Mélanie aliopolewa kesho yake karibu na daraja, wa kijivu mwili mzima.

Tume ya uchunguzi ilikaa katika ukumbi wa kiwanda. Guy, shati limepigwa pasi, alisukuma daftari mezani.

"Hii sinyatire ni ya nani?"

"Ya minye."

"Inasema mita ngapi?"

"Ine."

Kisha Damas akasimulia yote: kamba, mchirizi, ofisi, mkataba. Karani wa tume alilaza kalamu yake mezani mpaka Damas alipomaliza, ndipo akaishika tena.

Wakamwambia aende nyumbani, ataitwa.

Hakwenda nyumbani. Aliteremka kijitoni. Matope yalikuwa yameanza kukauka, na mwanamke mmoja asiyemjua, kanga imefungwa kiunoni, alikuwa akiyakata kwa jembe na kuyashindilia katika kalibu ya matofali.

"Papa, unisaidie kubeba," alisema. "Nataka kuongeza chumba."

Damas aliinua tofali la kwanza. Lilikuwa bado bichi, likimlemea mikononi, naye akasubiri aonyeshwe pa kuliweka.